Ngedere wa Kwanza

Modesta si mtu wa maneno mengi, na hilo kijiji kizima cha Kinole kinalijua. Ukimkuta shambani atakusalimia akiwa ameinama, na ukitaka mazungumzo marefu utainama na wewe. Ana pilipili manga zake zilizopanda miti, ana migomba, ana mdalasini kidogo upande wa juu. Mumewe Fidelis ni fundi ujenzi, kazi zake nyingi ziko huko Mzumbe, hupanda mlima mwisho wa mwezi na kushuka tena kabla hajazoea kitanda. Watoto wameshaondoka. Jumapili Modesta yuko kanisani, benchi la mbele upande wa kina mama, na jumuiya yao ndogo humchagua kuwa kiongozi kila uchaguzi kwa sababu moja isiyo na utukufu wowote: anaanza sala kwa wakati na anamaliza kwa wakati.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaribia kumfukuza mdogo wake, wa tumbo moja, kutoka katika nyumba ya mama yao. Na alikaribia kweli, si mchezo.

Mama yao, Bibi Koleta, alikuwa anaishi na huyo mdogo, Faraja. Faraja aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani kama wanavyorudi mabinti wa Kiluguru, maana nyumba na shamba ni vya upande wa mama na hakuna wa kumuuliza umefuata nini. Akamkuta mama ameanza kuchoka. Akawa wa kumwogesha, wa kumpikia, wa kumpeleka zahanati presha ikipanda. Modesta naye alifika mara kwa mara na ndizi begani, akakaa kidogo, akaondoka. Kutoka kwake hadi kwa mama ni kushuka bonde na kupanda upande wa pili, basi.

Wiki ya mwisho ya mama hakufika. Pilipili zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, mawingu yananyemelea mlimani, na pilipili manga ikinyeshewa mkekani inaota ukungu, hata mnunuzi haitazami. Faraja akatuma mtu: mwambie dada mama amepungua. Modesta akajibu, mwambie nakuja nikishaanua. Alikuwa na nia, msimsingizie. Lakini kila siku kulikuwa na jua la kuanika, na kila jioni kulikuwa na kesho. Alipofika, alifikia msiba. Mama alikuwa ameamka vizuri, amekunywa uji kidogo, amesema anajilaza. Akajilaza moja kwa moja.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Kwenye maziko walikuja watani wa ukoo, wakiongozwa na Halidi. Halidi ni Mwislamu, swala tano, lakini utani hauulizi dini; babu zao walitaniana na wao wanataniana. Kwa watu wa milimani, maziko bila mtani ni maziko yaliyopooza. Mtani ndiye anayelala njiani kulizuia jeneza mpaka apewe chochote. Mtani ndiye anayevaa khanga ya marehemu na kutembea kama yeye, huku amejishika kiuno, mpaka wafiwa wanacheka na makamasi yanawatoka. Na anachosema mtani siku hiyo hakina kesi. Ukimnunia, wewe ndiye unayetozwa faini.

Halidi alifanya yote hayo. Halafu, udongo ukiwa bado unarudishwa, akamnyooshea Faraja kidole mbele ya kadamnasi.

"Wewe! Huyu bibi amegoma kufa tangu nikivaa kaptula. Umempikia uji gani huo, mpaka amekimbilia shimoni mwenyewe? Hebu nipe na mimi nikampikie mama mkwe wangu!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika majembe wasianguke. Faraja mwenyewe alicheka, machozi yanamtiririka. Modesta alicheka pia. Ukimuuliza leo atakwambia hivyo: nilicheka.

Jioni yake, Modesta akiwa anaosha masufuria, akaja Joyce. Joyce ni jirani yake Modesta na mwenzake katika jumuiya. Si mtu mbaya. Alimletea Modesta kuni msiba mzima bila kuombwa. Ila ulimi hauna mfupa, na wa Joyce hauna hata kizuizi.

"Mama Yohana," akaanza, maana Yohana ndiye mtoto wa kwanza wa Modesta, "mimi sipendi maneno, unanijua. Lakini yule mtani leo alisema kitu."

Modesta angeweza kusema "alitania", akaendelea na masufuria yake. Mambo yangeishia hapo. Badala yake aliweka chini dodoki, akauliza, "Kwani umesikia nini?"

Haya! Ukishamuuliza Joyce umesikia nini, tafuta kigoda ukae. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akasema watani wanaruhusiwa kusema wanachokijua ambacho wengine wanaogopa. Akauliza, eti kwa upole, mama alikunywa uji na nani? Na nani alikuwepo? Na nyumba sasa inabaki kwa nani? "Mimi sisemi kitu," akamalizia. "Ila kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu jioni ile Modesta hakuwa tena na mdogo wake. Alikuwa na mshukiwa. Kila kitu alichofanya Faraja kilipata maana mpya. Akilia, anajifanya. Akinyamaza, dhamiri inamsuta. Alipofua shuka za marehemu na kuzianika, Modesta aliwaza, mbona haraka hivyo?

Na ilibidi waonane. Mama aliacha mahindi shambani yanaanza kubeba, na milimani ukiacha mahindi bila mlinzi unawalimia ngedere. Basi dada na mdogo wake wakapeana zamu: mmoja leo, mwingine kesho, juu ya dungu, kile kichanja alichokuwa anakalia mama yao na kombeo lake la mawe. Siku ya zamu ya Modesta, mchana Faraja alimwita, akamwandalia chini ya upenu ugali na kisamvu cha nazi, chakula ambacho Modesta anakipenda tangu utoto. Akarudi jikoni kufuata maji.

Modesta alikitazama kile kisamvu. Akainuka na sahani, akazunguka nyuma ya nyumba, akamwaga chote kwenye migomba. Kuku wakaja mbio, wakagombania. Akarudi akakaa, akajipangusa mdomo. Faraja alipotoka na maji akamkuta dada mtu ameshamaliza.

"Umekula upesi, dada."

"Kilikuwa kitamu," akasema kiongozi wa jumuiya.

Asubuhi ya pili, ambayo haikuwa hata zamu yake, Modesta alivuka bonde akitafuta kisingizio cha kuazima ungo. Kuku wote walikuwepo. Jogoo alikuwa juu ya chanja anawika kwa kiburi cha aliyeshiba. Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Modesta alirudi na ungo wake, akamwambia Joyce, na Joyce hakutetereka hata kidogo.

"Sumu ya mtu haiui kuku, Mama Yohana. Ile hufuata jina la aliyekusudiwa."

Mnaona lakini? Kuku wangekufa, Faraja ni mchawi. Kuku hawakufa, Faraja ni mchawi mwenye ujuzi. Mahakama ya namna hiyo haina mlango wa kutokea.

Kilichomsumbua Modesta si kuku. Ni sala. Jumuiya ilipokutana, akaanza Baba Yetu kama siku zote, akafika pale pa kuomba msamaha kama tunavyosamehe, sauti ikamkatikia. Wenzake wakaendelea bila yeye, wakadhani ni kikohozi. Safari iliyofuata ilikuwa vilevile. Na Jumapili, wakati wa komunyo, benchi lote la mbele liliinuka, yeye akabaki amekaa, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Kina mama wakipita wanamtazama. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini alikuwa mkweli kiasi hiki: asingeweza kumpokea Bwana kwa mdomo ambao ulikuwa umejipangusa uongo.

Akaenda kwenye kitubio. Padri alikuwa kijana, mwepesi wa kusikiliza na mzito wa kupamba maneno.

"Nimemdhania mtu vibaya, Baba."

"Umemdhania, au unaendelea kumdhania?"

"Naendelea."

"Una unachokijua?"

"Sina, Baba. Nimesikia."

"Na aliyekuambia, ukimwona anakuja, unakimbia au unamsogezea kiti?"

Kiti alikuwa anakisogeza, tena chenye mto. Padri hakumwambia ampende mdogo wake. Alimpa malipizi: kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu yeyote, amwombee mema huyo mtu, kwa jina lake, kwa sauti. Na kabla hajamaliza, asisikilize habari yoyote kutoka kwa yeyote.

Ilikuwa kama kumeza kwinini. "Bwana, umjalie Faraja afya," alisema mbele ya jiko la mafiga, ameuma meno, na moyo wake unasema tutaona. Siku za kwanza hakumtakia hata nusu ya alichosema. Lakini agizo ni agizo. Joyce alipopiga hodi asubuhi na khanga yake ya pili tayari mabegani, Modesta alimwambia kutoka ndani, "Bado sijasali." Akaja saa nne. "Bado sijamaliza."

"Wewe unasali rozari ya mapapa wote?" Joyce akauliza, amekereka.

"Nasali polepole, mama."

Na kweli alikuwa anasali polepole, akaanza hata kuirefusha sala ili mlango uzidi kufungwa. Aliongeza afya ya Faraja, halafu usingizi wake, halafu ule mguu wake unaomuuma wakati wa baridi. Mtu hawezi kuutaja mguu wa mwenzake kila asubuhi akasahau kwamba mwenzake ana mguu.

Lakini shaka ilikuwa bado ipo, tena siku zilikuwa zinakwisha. Kutawanya matanga, siku ya kuufunga msiba, kulikuwa kunakaribia. Katika ukoo wao, siku hiyo mjomba huketi na watoto wa marehemu, huuliza kama kuna mwenye neno juu ya kifo, na binti mkubwa ndiye husema wa kwanza. Neno likisemwa hapo, ukoo mzima umelisikia: aliyetajwa atatoka kwenye nyumba na shamba, na hakuna atakayekula kwake tena maisha yake yote. Neno lisiposemwa hapo, linazikwa, mtu asilifukue. Joyce alilijua hilo. Kila mtu alilijua.

Jumamosi moja kabla ya siku hiyo, Modesta alikuwa zamu. Alipanda dungu asubuhi, ukungu bado umekaa bondeni. Kwenye nguzo ilikuwa inaning'inia rozari ya mbegu aliyoitumia mama, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Bibi Koleta alikuwa mlinzi hodari, na alikuwa na sheria moja aliyowafundisha mabinti zake wakiwa wadogo. Ngedere hawaji kundi zima. Anatangulia mmoja. Anakaa pembeni ya shamba, mpole, kama anapita tu. Huyo ndiye wa kupigwa jiwe. Ukimwonea huruma, ukasema ni mmoja tu, atavunja hindi moja, ataonja, atakwenda kuwaambia wenzake. Wakishaingia wote, hata ukiwafukuza, shamba limekwisha.

Na kweli akaja mmoja, akakaa juu ya kisiki, akamtazama Modesta. Modesta alizungusha kombeo, jiwe likapiga kisiki, ngedere akatimka na matusi yake. Modesta akakaa tena. Halafu akabaki ameshika kombeo mkononi.

Na moyoni mwake, ngedere wa kwanza alikuwa nani? Akatafuta. Si Halidi, Halidi alitania, na yeye alicheka. Si hata Joyce. Joyce alikuwa amesimama nje ya shamba, akingoja kukaribishwa. Wa kwanza ni swali lake mwenyewe, alipoweka chini dodoki na kuuliza kwani umesikia nini.

Na kwa nini aliuliza? Hapo ndipo palipouma. Aliuliza kwa sababu alitaka kusikia. Kama mama aliuawa, basi hata angekuja wiki ile, angeuawa tu. Kama kosa ni la uji, basi si la pilipili manga. Mdogo wake akiwa mchawi, yeye anakuwa mfiwa. Mdogo wake akiwa hana hatia, yeye ni binti aliyeambiwa mama amepungua, akachagua kuanika.

Modesta alilia juu ya lile dungu kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya siku ya maziko. Alilia kwa uchungu wa mama na kwa aibu. Akaishika rozari ya mbegu, akaanza Baba Yetu, akafika pale pake pa kukwama. Akapita. Hakupita vizuri, sauti ilikwaruza, lakini alipita.

Siku ya matanga walijaa watu. Mjomba Gervas alikaa kwenye kiti chenye mikono, watoto wa marehemu mkekani mbele yake. Watani walikuwa pembeni, Halidi ameshaiba kichwa cha mbuzi na kukificha chini ya kofia yake, kila mtu anamwona. Joyce alikaa mahali ambapo asingekosa neno hata moja. Faraja alikuwa mwisho wa mkeka, ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mjomba," akasema Modesta.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa. Mama yenu ametutoka. Una neno?"

"Ninalo, mjomba." Akainuka.

Hapo hata Halidi alikivua kile kichwa cha mbuzi. Faraja hakuinua uso.

"Wiki ile mama alipozidiwa, niliitwa," Modesta akasema. "Mdogo wangu alituma mtu. Sikuja. Nilikuwa naanika pilipili. Mama alikufa mimi sipo. Aliyekuwepo ni huyu Faraja, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemnywesha uji, ndiye aliyemfumba macho. Neno langu ni hilo. Nyumba ni yake kukaa, na mtu mwenye neno lingine juu ya mdogo wangu aje nalo kwangu kwanza."

Akakaa. Hakumtazama Joyce, na hakukuwa na haja. Joyce alikuwa ghafla ana kazi kubwa ya kukunja ncha ya khanga yake. Mjomba Gervas aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Limesikika. Mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Halidi, ambaye hawezi kukaa penye kimya, akauliza kama ule uji basi haupo tena, maana mama mkwe wake bado mzima. Watu wakacheka, hali ya hewa ikarudi. Wakaomba Modesta aongoze sala, akaongoza, akaanza kwa wakati na akamaliza kwa wakati.

Chakula kilipoanza kugawiwa, Modesta aliingia jikoni. Faraja alikuwa peke yake, amechuchumaa mbele ya sufuria la kisamvu. Alikuwa amelia.

"Dada," akasema bila kugeuka, "siku ile nilikuona. Kwenye migomba."

Modesta alishika mwimo wa mlango.

"Nilikuwa hapa hapa, naona kupitia ufa. Sikusema. Nikabaki nawaangalia wale kuku." Akajipangusa kwa kiganja. "Nilikuwa najua nilichopika, dada. Kisamvu, nazi, chumvi. Najua. Lakini niliwaangalia mpaka giza likaingia, nikiwaza, labda. Labda ule uji nao niliukoroga vibaya. Labda kweli ni mimi. Mpaka leo kila asubuhi nahesabu kuku."

Modesta alikuja na maombi ya msamaha aliyoyapanga tangu dunguni, na yote yalikuwa madogo. Hakuwa amejua kwamba wale ngedere wa shaka, baada ya kumaliza kwake, walivuka bonde.

Akaketi chini sakafuni, mavazi yake ya matanga yote kwenye majivu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Nipakulie."

Faraja akapakua. Akamega tonge, akachovya kwenye kisamvu, akalipeleka mdomoni mwake mwenyewe kwanza, kama wafanyavyo wauza pombe, wanaoonja mbele yako kukutoa wasiwasi.

Modesta akamshika kifundo cha mkono.

"Usionje," akasema.

Akalichukua lile tonge mkononi mwa mdogo wake, akala.